Kona Isiyopitiwa na Rola

Nyarero, Tarime
5 Agosti 2024

Mzee Nchagwa Machage,

Shikamoo.

Hunijui. Naitwa Theodosia Evodius, mwalimu wa historia, mtu wa Bukoba, huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Nyarero. Binti yako Eunice nilimpata kwa simu. Alicheka, akasema nisijisumbue kukupigia kwa sababu masikio yako yamegoma, na ujumbe wa simu huusomi. Eti umesema mtu asiye na muda wa kutafuta kalamu hana jambo la maana. Basi nimetafuta kalamu. Konda Ryoba wa basi la Mugumu ameahidi kwamba barua hii itafika Ikoma.

Jambo langu ni kiwanja cha tenisi cha kambi ya zamani ya serikali. Nilipofika nilikuta mbuzi wamelala ndani yake. Nimekisafisha na wasichana wanne wa shule, na mmoja wao, Mokami, anacheza kiasi kwamba mkufunzi wa Mwanza ameomba aje amwone. Katika stoo tulikuta daftari la matokeo la miaka ya zamani, na jina lako limo karibu kila ukurasa. Wazee wanasema baba yako ndiye aliyekitengeneza kiwanja hiki mwaka 1936, na wewe ukakitunza baada yake.

Sasa tumeingia matatani. Kuna mfanyabiashara mmoja, Kisyeri Wangwe, anadai eneo lile lilikuwa mji wa mababu zake na anataka kujenga nyumba ya wageni. Tarehe 28 Septemba kutakuwa na mkutano wa wazee wa kuamua. Akishinda, wasichana wangu wamekwisha. Hakuna kiwanja kingine hadi Musoma.

Nakuomba mambo mawili. Niandikie historia ya mchezo huu hapa kwetu. Na karatasi ya pembeni, yenye saini yako, useme pale palikuwa na nini kabla ya kiwanja.

Na kama hutakasirika, fainali ya mwaka 1972 ilikuwaje? Daftari linaonyesha ulishindwa kwa mpira mmoja. Watu hapa bado wanacheka, wanasema mtoto wa mvuta rola aliwaogopa wakubwa.

Wako,
Mwl. Theodosia Evodius

N.B. Ile kona ya kusini, karibu na mti wa mkakaya, mpira haudundi kabisa. Unakufa. Unajua sababu?

*

Ikoma, Serengeti
14 Agosti 2024

Mwalimu Theodosia,

Marahaba. Umeandika vizuri ingawa unauliza kama polisi.

Historia ni hii. Bwana Shauri wa wakati ule, mzungu mtawala wa wilaya, alitaka mahali pa kuchezea jioni, yeye na mke wake na daktari na padri. Huko kwao ni mchezo wa majani, lakini majani ya hapa ng'ombe wanajua kuliko mzungu. Baba yangu akamwonyesha udongo wa kichuguu. Unasagwa, unachekechwa, unachanganywa na maji na kinyesi cha ng'ombe kama mama zetu wanavyosiliba nyumba, kisha unavutiwa rola la chuma asubuhi na mapema kabla jua halijaupasua. Bwana Shauri akaandika kwao kwamba amevumbua kiwanja. Baba hakuandika popote.

Waliocheza walivaa nyeupe tupu. Aliyekuja na suruali ya kaki alirudishwa, hata kama ni mzungu. Wahindi wa maduka ya Tarime walikaribishwa kunywa chai, si kucheza. Sisi tulikuwa upande wa waokota mipira na rola. Nilijifunza kwa kipande cha ubao, alfajiri, na mipira iliyopasuka, nikipiga kwenye ukuta wa jela. Uhuru ulipokuja, wakubwa weusi walivaa nyeupe ile ile, na mtu wa kwanza waliyemzuia kwa kaki alikuwa mimi. Nikashona kaptula kwa mfuko wa unga, nikaifua hadi maandishi yakatoka. Mwaka 1966 nilimfunga Ofisa Kilimo, na kuanzia siku hiyo wakaniita kwa jina langu. Wanawake walianza 1970, nesi mmoja wa Kilimanjaro, hodari sana, na wanaume wawili waliacha kuja kwa hasira.

Habari ya 1972 siitaki.

Karatasi yako hii hapa. Nimeandika kwamba pale palikuwa pori la miiba, hakuna aliyekaa. Nimetia saini na dole gumba pia ili wasisumbue.

Kona ya kusini muiache ilivyo. Msiitie udongo, msiichimbe.

Nchagwa Machage

*

Nyarero
25 Agosti 2024

Babu Nchagwa,

Shikamoo. Niruhusu nikuite hivyo, kwa sababu barua yako nimewasomea wasichana mara tatu, na Mokami ameniomba niisome tena pale pa kaptula ya unga.

Karatasi nimempa mwenyekiti wa kijiji. Kisyeri alipoiona alibadilika uso. Hakupiga kelele kama kawaida yake. Aliishika kwa muda mrefu, akatazama saini, kisha akasema mbele ya watu wote, "Aliyeandika hii aje mwenyewe. Aje aape juu ya ardhi hiyo hiyo." Wazee wakakubali. Kwa hiyo unaitwa, Babu. Najua safari ni ndefu na umri umekwenda, lakini utasimama dakika tano, utasema ulichoandika, tutakuwa tumemaliza.

Habari njema nyingine: mkufunzi wa Mwanza anakuja Jumatatu ya tarehe 2. Akiridhika, Mokami ataingia mashindano ya vijana yanayoanza Septemba 28, siku ile ile ya mkutano, na kuna shule itakayomchukua kumsomesha hadi mwisho. Nyumbani kwao wamekwisha kuanza mazungumzo ya kumwoza. Baba yake ameniambia wazi kwamba anasubiri kuona kama huo mchezo una faida.

Ndiyo maana nitakukosea kidogo. Kona ile lazima tuitengeneze kabla mkufunzi hajafika. Hawezi kumpima mtoto mahali ambapo mpira unakufa. Jumamosi ya tarehe 31 tutachimba kiasi cha mkono mmoja, tutie udongo wa kichuguu kama ulivyotufundisha. Usikasirike.

Theodosia

*

Ikoma
29 Agosti 2024

Mwalimu,

Usichimbe. Nilikuambia kwa Kiswahili chepesi na wewe ni msomi.

Ryoba hayupo, basi limeharibika Kerende. Nampa barua hii dereva wa lori la mbao, sijui atafika lini. Eunice anakupigia simu tangu asubuhi, hupatikani.

Usichimbe kabisa.

N.M.

*

Nyarero
1 Septemba 2024

Mzee Nchagwa,

Barua yako ya tarehe 29 nimeipokea leo saa nne. Simu yangu ilikuwa imeharibika. Tulichimba jana.

Jembe la Mokami liligonga jiwe. Tulidhani ni mwamba. Tukaondoa udongo kwa mikono, likatokea jiwe la kusagia, lile bapa lililolika katikati kwa kazi ya miaka. Limelazwa vizuri, uso juu. Hakuna pori linaloota jiwe la kusagia. Mokami aliweka jembe chini, akasogea nyuma, akasema, "Mwalimu, hili ni la mtu." Nikauliza mtu gani. Akasema, "Aliyelala hapa."

Niliwaambia wafukie. Nimewaomba wasiseme, na ninaona haya kwamba niliwaomba watoto hivyo.

Jioni nilikwenda kwa mwenyekiti kwa kisingizio cha kuuliza kuhusu mkutano. Nikamuuliza kwa nini Kisyeri alitaka wewe hasa uje. Akanishangaa. "Mwalimu, kwani hujui? Kisyeri ni mtoto wa marehemu Wangwe, mdogo wake Nchagwa. Huyo ni baba yake mkubwa." Kila mtu hapa anajua. Walidhani na mimi najua, kwamba nimemtafuta mzee makusudi amkane mtoto wa ndugu yake. Sasa ninaelewa kwa nini wanawake kisimani walikuwa wakininyamazia.

Umenitumia karatasi ya uongo, Mzee. Nimeisimamia mbele ya kijiji kwa jina langu na kazi yangu. Mimi ni mgeni hapa, sina ukoo wa kunitetea. Nataka kujua nani amelala pale, na nataka kujua leo.

Theodosia

*

Ikoma
8 Septemba 2024

Mwalimu Theodosia,

Una haki ya kukasirika. Kaa chini, usome pole pole.

Pale palikuwa mji wa babu yangu. Homa iliua watu, akauhamisha mji kama ilivyokuwa kawaida, boma la ng'ombe likabaki tupu. Bwana Shauri alipouliza ni wapi pana ardhi tambarare na ngumu, baba yangu Machage, kijana aliyeanza kutozwa kodi, mwenye hamu ya kazi, alimpeleka pale. Palikuwa pagumu kwa sababu ng'ombe wetu walipakanyaga miaka hamsini. Mzungu akapiga kiatu chini, akafurahi, akauliza, "Kuna mtu hapa?" Baba akajibu, "Hakuna." Alifikiri anaulizwa kama kuna mtu wa kuhamishwa. Alipokuja kuelewa kwamba wangevuta rola kila mahali, kamba zilikuwa zimekwisha kufungwa, na kona moja ya kamba ilipita juu ya mama yake.

Huyo ndiye bibi yangu, Wegesa. Katika ukoo wetu mama akizikwa, jiwe lake la kusagia linalazwa kichwani. Baba hakuthubutu kusema. Angesema angepoteza kazi, na nduguze wangemuuliza kwa nini alipaonyesha. Akafanya jambo moja tu. Kila asubuhi, miaka ishirini na minane, alipofika kona ile na rola alilizungusha. Alimzunguka mama yake. Ndiyo maana udongo wa pale ni laini na mpira unakufa. Wazungu walilalamika, akawaambia kuna mchwa.

Alinieleza siku aliyonikabidhi rola, mimi peke yangu. Nikazunguka mimi pia. Mdogo wangu Wangwe alijua pale ni kwetu, hakujua habari ya kaburi. Mwaka 1991 tuligombana, akasema baba aliuza mji wa mababu apate kuvalishwa kofia na mzungu. Ningemjibu kwa neno moja. Sikumjibu, kwa sababu neno hilo lingemfanya baba kuwa mtu aliyeweka kiwanja juu ya mama yake. Nikahamia huku kufundisha wageni wa hoteli tenisi. Wangwe alikufa hatujasemezana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Uliponiandikia, nilifikiri hivi: nikisema pori, baba atapumzika, na wasichana watacheza. Sikufikiria wewe. Nisamehe.

Nchagwa

*

Nyarero
16 Septemba 2024

Babu,

Nimekaa na barua yako siku tatu.

Mkufunzi alikuja. Kona tuliikatia kamba, nikamdanganya kwamba tumemwaga dawa ya mchwa. Unaona uongo ule ule ulivyonifikia na mimi, bila hata kubadilishwa. Mokami amechaguliwa. Tunaondoka tarehe 26 kwenda Mwanza, mimi ndiye msimamizi, siwezi kumwacha. Kwa hiyo siku ya mkutano sitakuwepo.

Kisyeri amekwisha kuleta fundi wa kupima. Amepigilia miti ya mipaka kuzunguka eneo lote, na mmoja upo katika kona ile, nafikiri hatua moja tu kutoka kwenye jiwe. Nilimtazama akipigilia kwa nyundo. Hajui.

Usije, Babu. Nitakwenda kwa mwenyekiti niseme naondoa karatasi. Ukisema kweli, eneo ni la ukoo, Kisyeri atashinda kwa mdomo wako mwenyewe na kiwanja kitavunjwa. Ukiapa uongo juu ya kaburi la bibi yako, mimi natoka Bukoba lakini miaka mitatu imetosha kunifundisha watu wa hapa wanakiogopaje kiapo hicho, na wewe una miaka themanini na tatu.

Naona aibu kuandika hili, lakini umeniandikia bila kuficha, na mimi nisifiche. Nusu yangu inataka uje na uape. Ninapomtazama Mokami, ni zaidi ya nusu. Shindano moja halitoshi. Akirudi akakuta hakuna kiwanja, baba yake atakuwa na jibu lake. Na wale watatu wengine hawajachaguliwa popote. Ndiyo maana nasema usije. Naogopa nikikuona nitakuomba.

Theodosia

*

Ikoma
21 Septemba 2024

Mwalimu,

Karatasi usiiondoe. Ni yangu, nitaiondoa au nitaisimamisha mimi.

Eunice ameficha viatu vyangu. Nitakuja na ndara.

Usiniulize nitasema nini. Ukijua utaibeba hadi Mwanza, na mtoto atakusoma usoni badala ya kutazama mpira.

Nchagwa Machage

*

Nyarero
30 Septemba 2024

Mwalimu Theodosia, Mwanza,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye rola lako lenye kutu. Ryoba ana rafiki anayekwenda Mwanza leo, ananisubiri, na ananung'unika kwa haraka yake.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Watu walikuwa wengi kuliko siku za fainali. Kisyeri alinisalimia shikamoo kwa mbali, hakunipa mkono. Ana uso wa Wangwe mzima mzima, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mwenyekiti akasoma karatasi yangu kwa sauti. Kisha mzee wa kuapisha akasema, "Nchagwa, vua ndara, simama juu ya ardhi, useme kama ni pori."

Nikavua. Nikatembea hadi kona ya kusini. Mwalimu, miguu hii haijawahi kukanyaga pale tangu nipewe rola. Nilisimama pembeni ya mti alioupigilia Kisyeri, nikasema, "Siapi. Karatasi hiyo ni ya uongo na niliandika mimi. Mwalimu hakujua. Hapa ni kwetu. Na hapa chini amelala Wegesa, mama yake baba yangu."

Kelele zilizotokea sikuzisikia, masikio yangu yalinihurumia. Nilimwona Kisyeri tu. Alitazama ule mti wake kama mtu aliyejikuta ameshika nyoka. Akapiga magoti, akaung'oa kwa mikono miwili. Kisha akasimama na hasira yote ikaja kwangu. Walinirudia maneno baadaye, lakini midomo yake niliisoma vizuri: "Basi baba alisema kweli. Babu alimuuza mama yake. Wavu ushuke leo."

Nilifungua mdomo, mzee wa kuapisha akaninyamazisha. Mtu aliyepeleka uongo kwa wazee hazungumzi tena katika mkutano kwa mwaka mzima, na analeta kondoo wa kusafisha mahali. Ni haki. Lakini ilikuwa ndiyo kwanza ninahitaji mdomo. Nilisimama pale kama kigingi, nikamwangalia mtoto wa ndugu yangu akienda kufungua wavu, na sikuwa na ruhusa ya neno moja.

Kwa hiyo nikafanya ninachojua. Nikaenda kwenye rola. Lilikuwa limekwama, nililisukuma mara tatu bila kusogea, watu wakadhani nimerukwa na akili. Vijana wawili wakaja kunishika, nikawaonyesha kamba, wakavuta. Tukavuta kwenye mstari kama baba alivyovuta. Nilipokaribia kona, nikazunguka. Tukarudi, tukaja tena, nikazunguka. Mara ya tatu wale vijana wenyewe walizunguka bila kuambiwa.

Kisyeri aliacha wavu. Akaja, akakanyaga palipopita rola, kisha akakanyaga kona. Kisigino kikazama. Akakanyaga mbali na mlipochimba ninyi, kikazama vile vile. Si mjinga yule kijana. Alitazama ngumu na laini, mpaka wake ulivyopinda kama upinde kuuzunguka mji mdogo wa bibi yetu, akafanya hesabu ya miaka kichwani. Akaniuliza karibu na sikio, akipiga kelele ili nisikie, "Hakupita juu yake hata siku moja?"

Nikatikisa kichwa. Kichwa hawakukikataza.

Alilia, Mwalimu. Mtu wa miaka hamsini na mbili na magari mawili. Nikalia na mimi. Alisema baba yake alikufa akiwa na jambo hili kooni. Mimi nilikuwa na neno la kuliondoa miaka yote hiyo, na nikalificha kuokoa jina la mtu ambaye hakuwa na kosa la kufichiwa. Hilo nitakwenda nalo.

Wazee wameamua eneo ni la nyumba ya Machage na hakuna atakayejenga. Kiwanja wakamwachia Kisyeri aseme, maana mimi nimefungwa mdomo. Akasema kona izungushiwe mawe, mstari wa pembeni uingizwe ndani, mcheze mmoja mmoja tu, wale wa wawili wawili watafute pengine. Akasema wasichana watakaovuta rola wazunguke. Nyumba ya wageni atajenga Sirari.

Sasa fainali yako ya 1972. Kila mtu aliyekuwapo alisimulia ule mpira, na jana mzee mmoja aliyenicheka kwa miaka hamsini alikuja kunishika mkono, kwa hiyo nakuambia na wewe. Ilikuwa pointi ya mwisho. Meneja wa benki aliupeleka kona ya kusini, mfupi, wa polepole. Hata mwanamke mjamzito angeuwahi. Mimi nilikuwa na hatua mbili tu za kwenda, nikasimama. Sikuushindwa mpira ule. Niliuacha.

Mokami amezoea kiwanja hiki. Wenzake wamenionyesha kwenye simu video yake akicheza, nikaona jambo: mpira ukielekea upande ule, anasita. Amejifunza kwamba pale unakufa, na sasa anajua na sababu, atasita zaidi. Mwambie ukiipata barua hii, kabla hajaingia kucheza tena. Mwambie ni mimi niliyesema.

Huko Mwanza hakuna mtu wetu chini. Akimbie.

Babu yenu,
Nchagwa Machage